Shajara ya mradi: kuutafuta mvujo wa giaboksi ya Corolla 110

Jumamosi, wiki ya 1. Kilomita 214,360

Gari hili limebadilishwa sili ya giaboksi (pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti inapopita) mara mbili ndani ya miezi kumi na minne, na leo asubuhi nimekuta doa jipya uani. Lina upana wa kiganja, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Mara zote mbili nilipeleka gereji, nikalipia sili na oili, uani ukawa mkavu kwa majuma sita hivi, kisha matone yakarudi pale pale. Safari hii silegezi bolti hata moja kabla ya kujua oili inatoka wapi na kwa nini inatoka. Naandika kila hatua ili nisije nikajidanganya baadaye.

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1997, injini 5A-FE, gia za mkono. Alilinunua marehemu baba. Ndilo nililojifunzia udereva, na ndilo lililompeleka mama hospitali usiku ule alioumwa. Siliuzi, na sitaki liniishie oili njiani nikiwa kati ya Segera na Korogwe.

Giaboksi yake ni ya familia ya C. Imelala kushoto kwa injini, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imo ndani ya hausingi (ganda la nje) hiyo hiyo. Oili moja inahudumia gia na difu pamoja, takriban lita 1.9 tu. Ukipoteza nusu lita, umeshapoteza zaidi ya robo ya oili yote. Na gia ya 5 imekaa mwisho kabisa, ndani ya kifuniko cha kushoto, mbali na kundi la gia nyingine. Oili ikipungua sana, huko ndiko kunakoanza kukauka.

Kazi ya leo ilikuwa moja: kulitambua tone. Nilitandaza kadibodi nyeupe chini ya gari kuanzia saa mbili asubuhi, na kufika adhuhuri nilikuwa na matone matano. Eneo lile lina vimiminika vinne vinavyoweza kudondoka. Oili ya injini huwa nyeusi ikishatumika, na ina harufu ya kuungua. Oili ya stelingi ya pawa ni nyekundu na nyepesi. Mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, yanateleza kama maji ya sabuni na hubabua rangi ya gari. Oili ya gia ni nzito, ina rangi ya asali iliyokolea, na inanuka salfa, harufu ya kiberiti au yai viza. Nilichovya kidole nikanusa. Yai viza, bila shaka yoyote.

Ni oili ya gia, basi. Bado sijajua imetokea wapi.

Jumapili, wiki ya 1

Mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Gari likisimama, oili hutambaa kwenda chini. Likienda, upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo anayeangalia tone la mwisho huona sehemu ya chini na ya nyuma kabisa, na chanzo kiko juu na mbele ya hapo. Nadhani hapa ndipo gereji zote mbili zilipokosea. Waliona sili ya kushoto imelowa, wakabadilisha sili ya kushoto.

Nilipandisha gari mbele kwa jeki, nikaliweka kwenye stendi mbili, na nyuma nikatia magogo ya mnazi kwenye matairi. Sijilazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nikaosha giaboksi nzima kwa mafuta ya taa na brashi ya rangi, kisha sabuni ya unga na maji, kisha matambara. Imenichukua karibu saa tatu. Tope la oili na vumbi lilikuwa limeganda unene wa kidole, na chini yake alumini ilitokea safi kabisa, yenye rangi ya fedha.

Ilipokauka nikapaka poda ya watoto. Unaiminya chupa ikiwa karibu, poda inarushwa na kushika kwenye chuma kama unga wa ngano kwenye meza. Nilipaka kila mahali panapoweza kuvuja: sili mbili za draivu shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu), mguu wa gia ya spidomita, swichi ya taa za rivasi, shafti ya kuchagulia gia, nati ya kujazia na ile ya kumwagia oili, maungio ya hausingi, kifuniko cha mwisho cha kushoto, na tundu la chini la hausingi ya klachi. Kisha nikaendesha mpaka Muheza na kurudi bila haraka.

Jumatatu jioni

Poda imesema. Mahali pakavu pamebaki peupe, na penye oili pameacha njia ya kahawia unayoweza kuifuata kwa kidole mpaka inapoanzia.

Sili ya kushoto: imelowa nusu ya chini, umbo la mwezi mchanga, na mchirizi umeshuka mpaka kwenye nati ya kumwagia. Gia ya spidomita: mstari mwembamba umeanzia kwenye shingo yake na kuteremka nyuma ya hausingi. Sikuutarajia huu, na bila kuosha nisingeuona kamwe, maana unakwenda kuungana na uchafu wa sili. Swichi ya rivasi kavu. Kifuniko cha mwisho kikavu, na nimefurahi, kwa sababu hicho hakina gasketi, kinafungwa kwa silikoni maalumu, na kukifungua ni kazi nyingine.

Kwenye tundu la chini la hausingi ya klachi kulikuwa na tone moja linaning'inia. Nilianza kukata tamaa, kwa sababu ndani ya hausingi ile kuna sili ya shafti ya kuingizia nguvu ya giaboksi, na kuifikia lazima ushushe giaboksi yote. Lakini kuna sili ya nyuma ya injini pia, na zote mbili zikivuja hudondokea tundu hilo hilo. Nikalipokea tone kwenye karatasi. Jeusi, jepesi, halinuki salfa. Ni la injini. Litasubiri mpaka siku ya kubadilisha klachi.

Sasa jambo linalonisumbua. Sehemu mbili zinavuja kwa wakati mmoja, juu na chini, na moja kati ya hizo imewekewa sili mpya mara mbili. Sili nzuri haifi kwa majuma sita. Kuna kitu kinaisukuma.

Jumanne

Nimempelekea kesi jirani yetu, mzee aliyefanya ufundi maisha yake yote na sasa amestaafu. Nikamwamkia, akaniitikia, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza:

"Inapumua, mwanangu?"

"Nini hiyo, mzee?"

"Giaboksi. Inapovuja chini umepaona. Juu umetazama?"

Sikuwa nimetazama. Nikarudi, nikatoa betri na trei yake ili nipate kuona. Juu ya giaboksi kuna kipumulio, kofia ndogo ya chuma isiyozidi ncha ya kidole gumba, ambayo kwa kawaida unaweza kuizungusha kwa vidole. Yangu haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na bonge la silikoni ya kijivu, kama sega la nyigu. Gereji mojawapo iliona jasho la oili pale juu, ikaamua kuziba.

Nimekaa juu ya ndoo nikilitazama bonge lile kwa muda. Gari baya la watu halistahili kutendewa hivi, sembuse hili. Aliyefanya vile hakuwa na nia mbaya, aliona oili akaizuia. Lakini kofia ile ipo kwa ajili ya hewa. Gia zikizunguka oili inapata moto, na hewa iliyo juu yake inatanuka. Hewa iliyofungiwa ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 90, presha yake hupanda kwa karibu sehemu moja ya tano. Haina pa kutokea, kwa hiyo inaibana oili kwenye midomo ya sili na kwenye oringi (pete ya mpira ya kwenye gia ya spidomita) mpaka ipenye. Gari likipoa, mambo yanageuka: ndani kunanywea, na sili zinavuta vumbi na maji kutoka nje. Ukiwa umepita kwenye dimbwi giaboksi ikiwa ya moto, unaivutia maji ndani.

Nilitaka uthibitisho kabla ya kugusa chochote. Nikarudisha betri, nikaendesha kama kilomita 15, nikaegesha pasipo mteremko, nikavaa glovu na kulegeza nati ya kujazia polepole, robo ya mzunguko kila mara. Ilipokaribia kuachia ikatoa pumzi: pssss, ndefu, yenye harufu ya salfa. Nilimwita mzee aje asikie, lakini alipofika ilikuwa imekwisha. Akacheka, akaniambia kaza, kesho ni siku nyingine.

Jumamosi, wiki ya 2. Kilomita 214,590

Nimekata silikoni kwa kisu kidogo, kidogo kidogo, huku tambara limezungushwa ili vipande visidondoke popote. Kofia ilipoanza kuzunguka nikasafisha kwa brashi ya meno na petroli kidogo, kisha nikapuliza kwa mpira mwembamba. Hewa ikapita.

Mzee ameshauri nisifanye lingine wiki hii. Niendeshe tu na kipumulio kikiwa wazi, nione ni kiasi gani cha mvujo kilisababishwa na presha na kiasi gani ni sili zenyewe. Ni ushauri mgumu kwa mtu mwenye spana mkononi, ila ni wa kweli. Ukirekebisha vitu vitatu siku moja hujui ni kipi kilichotibu. Nimesafisha tena, nimepaka poda tena.

Ijumaa, wiki ya 3. Kilomita 214,905

Spidomita: jasho tu, halitoshi kutengeneza tone. Sili ya kushoto: bado inadondosha. Asubuhi matone mawili kwenye kadibodi, badala ya matano.

Hivyo presha ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo, lakini mdomo wa sili umeshaharibika.

Leo nimekwenda Ngamiani, mjini Tanga, kununua spea. Sili ya kushoto, oringi ya spidomita, klipu mpya ya ncha ya draivu shafti, washa mbili za nati za oili, kota pini (pini ya kuzuia nati isilegee), na lita 2 za oili ya gia 75W-90. Kitabu cha gari kinakubali daraja la GL-4 au GL-5, nimechukua GL-4.

Jambo la kuangalia dukani: sili niliyopewa kwanza ilikuwa na mshale umechongwa usoni, unaonyesha shafti inakozungukia. Ukisimama kushoto mwa gari ukalitazama gurudumu likienda mbele, linazunguka kinyume cha saa. Mshale ule ulifuata saa. Ilikuwa sili ya kulia. Ndani ya mdomo wa sili za aina hii kuna mistari midogo iliyolala upande, kazi yake ni kuirudisha oili ndani shafti inapozunguka. Ukiifunga upande usio wake, mistari ile ile inaivuta oili kuileta nje. Muuza duka alibadilisha bila maneno, na akashukuru, akasema hajawahi kuulizwa.

Jumamosi, wiki ya 4. Kilomita 215,010

Siku ya kazi. Tumeanza saa moja na nusu kabla ya jua kali, mimi, mzee kwenye kiti chake, na mdogo wangu wa kukanyaga breki.

Nati ya habu (kitovu cha gurudumu), namba 30, nimeilegeza gari likiwa chini na breki imekanyagwa. Imefungwa kwa nguvu kubwa, ukiingoja mpaka gari liwe juu ya stendi utaliangusha. Baada ya hapo gari juu, tairi nje.

Nati ya kujazia oili kwanza, kisha ya kumwagia. Huu ni utaratibu ambao kila mtu anapaswa kuushika: ukimwaga oili yote halafu ukagundua nati ya kujazia imekwama, una gari lisiloweza kwenda kokote. Zote ni namba 24. Ya kujazia niliwahi kuilegeza, ikafunguka vizuri. Ya kumwagia ilikuwa imeliwa pembe na spana ya mdomo wazi, nikatumia spana ya pete na bomba, ikatii.

Imetoka lita 1.3. Zaidi ya nusu lita imeishia ardhini na barabarani. Nilipitisha sumaku ya spika ya zamani kwenye beseni, ikatoka na uji wa kijivu laini, hakuna kipande cha jino. Kuna vumbi la dhahabu kidogo linalometa, la pete za shaba za singronaiza (zinazosaidia gia kuingia bila kugongana), kiasi cha kawaida kwa umri huu. Hapa nilishusha pumzi.

Boljointi ya chini, kiungo kinachoshika habu kwenye mkono wa chini wa gari, inatoka kwa bolti moja na nati mbili. Mkono ukishuka, habu inavutwa nje, ncha ya shafti inatoka. Jointi ya ndani, ncha ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, nimeing'oa kwa mtaimbo mdogo, pigo moja fupi, siyo kwa kuvuta shafti, maana ukivuta unaitenganisha jointi ndani ya mpira wake.

Kabla ya kung'oa sili nilipima kina ilichokaa. Nilichukua njiti ya kiberiti, nikaisimamisha kutoka ukingo wa hausingi mpaka uso wa sili, nikaikata hapo hapo kwa wembe. Hicho ndicho kipimo. Kisha sili ikatoka kwa bisibisi, taratibu, bila kuugusa ukuta wa alumini. Mdomo wake ulikuwa umekuwa mgumu kama ukucha, na springi ndogo ya ndani imelegea.

Shafti yenyewe ndiyo iliyonifundisha zaidi. Sehemu inayokaa ndani ya sili inang'aa kama kioo, lakini katikati yake kuna mfereji mwembamba kuizunguka, na nilipopitisha ukucha ulikwama. Sili moja baada ya nyingine, zikisukumwa na presha na kubeba mchanga, zimekula chuma pale pale. Kila sili mpya ilikuwa ikikalishwa mdomo wake ndani ya mfereji huo huo. Hata bila silikoni ya kijivu, isingedumu.

Tulikuwa na njia mbili: kutafuta shafti nyingine iliyotumika, au kuikalisha sili mahali papya. Mzee alichagua ya pili. Sili hii haina kizuizi nyuma yake, kina chake unakiamua mwenyewe. Niliipunguza njiti milimita 1.5 na kuifanya hicho kipimo kipya, ili mdomo ukae nje kidogo, kwenye chuma kisichochubuliwa. Shafti nimeisugua kwa msasa laini sana, namba 1000, kwa kuzungusha, siyo kwa kwenda na kurudi. Mkwaruzo unaokwenda urefu wa shafti ni mfereji wa kuipitishia oili.

Nikaitikisa jointi ya ndani baada ya kuirudisha kwa majaribio, juu chini. Mchezo mdogo tu. Beringi za difu zingekuwa zimechoka, shafti ingecheza na kuila sili yoyote.

Sili mpya imepakwa grisi mdomoni, springi ikitazama ndani, ikagongwa kwa kipande cha bomba chenye upana unaoshika ukingo wa nje tu. Pigo dogo, zungusha, pigo dogo. Kila mapigo manne nikapima kwa njiti kwenye pande nne. Kazi hii ilichukua dakika ishirini na nisingeiharakisha kwa malipo yoyote.

Klipu mpya kwenye ncha ya shafti, uwazi wake ukitazama chini, shafti ikasukumwa mpaka ikalia "tak". Nikaivuta kwa mkono kuhakiki, haikutoka.

Gia ya spidomita ina bolti moja ya namba 10. Oringi ya zamani ilitoka ikiwa bapa, imepoteza uduara wake. Mpya ikapakwa oili na kuingia. Dakika tano.

Nati ya kumwagia na washa mpya, toki (nguvu ya kukazia) Nm 39. Oili mpya kwa mpira na mrija kutoka juu, mpaka ilipofika ukingo wa chini wa tundu la kujazia na kuanza kuchuruzika, gari likiwa sawa mbele na nyuma. Imeingia lita 1.9 na tone. Usiongeze zaidi ya ukingo ule ukidhani unajiwekea akiba. Boljointi, kisha nati ya habu toki Nm 216 na kota pini mpya, nati za tairi Nm 103. Mdogo wangu akakanyaga breki kwa mara ya mwisho, gari likashuka.

Oili chafu imo kwenye dumu, nitaipeleka kwa wanaoikusanya. Kwa jirani mmoja anayepaka nguzo zake kuzuia mchwa sikuipeleka, kisima chake kiko mita chache kutoka pale.

Jumapili, wiki ya 5. Kilomita 215,420

Nimekwenda Korogwe na kurudi, joto kali, mlima na tambarare. Gari likiwa bado na joto la barabara nililegeza nati ya kujazia tena, robo kwa robo. Kimya. Hakuna pumzi.

Poda nyeupe kila mahali, isipokuwa tundu la hausingi ya klachi.

Jumamosi, wiki ya 11. Kilomita 216,780

Wiki ya saba tangu kufunga. Huu ndio muda ambao matone yalikuwa yakirudi, kwa hiyo nilikuwa nikilala na kadibodi akilini. Nimeitoa leo asubuhi: tone moja jeusi la injini, la oili ya gia hakuna. Nimegusa chini ya sili ya kushoto, kidole kimetoka na vumbi tupu. Ujazo kwenye tundu uko pale pale ukingoni. Gia ya 5, ambayo ilikuwa ikivuma kwa mbali nikipita kilomita 80 kwa saa, imetulia.

Nimemwita mzee aje aone. Aliinama akashika hausingi kwa kiganja chote, akakitazama kiganja, akajipangusa kwenye kanzu yake ambayo ilibaki nyeupe.

Linalofuata: klachi, ikifika zamu yake. Siku hiyo giaboksi itashuka, na sili ya nyuma ya injini na ile ya shafti ya kuingizia nguvu zitabadilishwa pamoja, kila moja baada ya kuangaliwa chuma inachokalia. Kipande cha njiti ya kiberiti nimekibandika kwa gundi kwenye jalada la kitabu cha gari, na pembeni nimeandika tarehe na "sili kushoto".